Nusu ya Gharama: Ruzuku ya Nishati kwa Shule na Hospitali za Marekani

Mwezi Februari 1977 shule za umma za jiji la Columbus, makao makuu ya jimbo la Ohio, zilifungwa. Walimu hawakuwa wamegoma, wala hapakuwa na maradhi ya kuambukiza. Kilichokosekana ni gesi. Baridi ya msimu ule ilikuwa kali hata theluji ikaonekana Miami, kusini mwa Florida, na gesi kidogo iliyobaki ikabidi itunzwe kwa ajili ya nyumba za watu na hospitali. Jiji likabuni mpango liliouita Shule Bila Shule. Masomo yalirushwa kwenye televisheni na redio, mengine yakachapwa magazetini, na watoto wakawa wanaonana na walimu wao siku moja kwa wiki katika yale majengo machache ambayo hayakutegemea gesi kupata joto.

Gesi yenyewe haikuwa imekwisha ardhini. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa mwaka 1954, serikali ya shirikisho ndiyo iliyopanga bei ya gesi inayovuka mpaka wa jimbo, na ikaiweka chini. Gesi iliyouzwa ndani ya jimbo ilimochimbwa haikuguswa na amri hiyo. Wachimbaji wa Texas na Louisiana wakaona afadhali wauze nyumbani kwa bei nzuri kuliko kuipeleka kaskazini kwa hasara, na mabomba marefu yanayoelekea Ohio, Pennsylvania na New York yakaanza kupungukiwa. Baridi ilipozidi, waliokatiwa kwanza walikuwa viwanda na shule.

Nchi ilikuwa imeshapigwa mara moja kabla ya hapo. Oktoba 1973, vita vilipozuka Mashariki ya Kati, nchi za Kiarabu zinazouza mafuta ziliacha kuiuzia Marekani, na bei ya pipa ikapanda kutoka karibu dola 3 hadi karibu dola 12 kufikia Januari 1974. Pigo hilo halikuchagua. Liliwaumiza waagizaji wa mafuta wa Dar es Salaam na Mombasa kama lilivyowaumiza wa Boston, na nchi maskini ziliumia zaidi. Rais Richard Nixon aliwaomba Wamarekani washushe joto la majumbani hadi nyuzi 20 za Selsiasi, akapunguza mwendo wa magari barabarani, na saa za nchi zikasogezwa mbele katikati ya majira ya baridi, watoto wakawa wanalisubiri basi la shule gizani. Zilikuwa hatua za dharura. Hakuna hata moja iliyogusa jengo lenyewe la shule wala la hospitali, na humo ndimo joto lilimokuwa likipotea.

Majengo hayo yana historia yake. Baada ya Vita Kuu ya Pili watoto walizaliwa kwa wingi usiokuwa na mfano, na kila mji ukakimbilia kujenga madarasa. Shule za miaka ya 1950 na 1960 zilijengwa haraka: paa bapa, kuta nyembamba, madirisha mapana ya kioo cha tabaka moja, na boila kubwa chini. Upande wa hospitali, sheria ya mwaka 1946 iliyojulikana kwa majina ya maseneta wawili, Lister Hill na Harold Burton, ilimwaga fedha za shirikisho ili kila eneo lipate vitanda vya wagonjwa. Mafuta, gesi na makaa ya mawe vilikuwa bei poa, na msanifu aliyetaka kuongeza gharama kwa kuweka vihami joto darini angeulizwa anaharibu fedha za nani. Kwa hiyo serikali iliyosaidia kujenga hospitali hizo ndiyo iliyokuja, baada ya miaka 30, kuombwa isaidie kuziba nyufa zake.

Kwa nini wenye shule wasizibe wenyewe? Swali hilo lilikuwa na majibu mazito, na kwa maoni yangu ndilo kiini cha historia hii yote. Wilaya ya shule nchini Marekani huendeshwa zaidi kwa kodi ya majengo na kwa fedha inazopewa na jimbo. Ankara ya gesi hulipwa kutoka bajeti ya uendeshaji ya kila mwaka. Ukarabati mkubwa hulipwa kwa mkopo ambao mara nyingi wakazi wenyewe huupigia kura. Mtu anayeumizwa na ankara siye mwenye mamlaka juu ya mkopo. Mwaka 1978 wenye nyumba walikuwa wamechoshwa na kodi: Juni mwaka huo wapiga kura wa California walipitisha Pendekezo la 13, wakaifunga kodi ya majengo kwa kiwango ambacho shule zao hazijaacha kukisikia hadi leo. Bodi ya shule iliyokwenda kwa wakazi kuomba fedha za madirisha wakati kama huo ilijua jibu kabla ya kuuliza.

Hospitali zilikuwa na kisa kingine. Mpango wa bima ya wazee, Medicare, hadi mwaka 1983 uliwarudishia wenye hospitali gharama walizotumia. Ankara ya mvuke ikipanda, sehemu yake ilirudi kupitia bima. Ikishuka, faida yake haikubaki yote hospitalini. Na kwa shule na hospitali zote zisizo za kibiashara, nafuu ya kodi haikuwa na maana yoyote. Ukimpa mwenye kiwanda punguzo la kodi akiweka boila bora, ataiweka. Taasisi isiyolipa kodi utaipunguzia nini? Ilibaki njia moja tu, kuipa fedha mkononi.

Jimmy Carter aliapishwa kuwa rais tarehe 20 Januari 1977, katikati ya baridi ile ile. Tarehe 2 Februari alisaini sheria ya dharura ya kuhamisha gesi kutoka eneo moja kwenda jingine, na usiku huo akahutubia taifa kwenye televisheni akiwa amevaa sweta kando ya moto. Sweta hiyo ilichekwa kwa miaka mingi. Mimi naona waliocheka waliangalia vazi wakaacha hotuba, kwa sababu tarehe 20 Aprili alipeleka bungeni mpango kamili wa nishati, na ndani yake kulikuwa na pendekezo la kuzipa shule na hospitali zisizo za faida hadi dola milioni 300 kwa mwaka, kwa miaka mitatu.

Spika wa Baraza la Wawakilishi, Tip O'Neill, hakutaka mpango huo ukatwe vipande na kamati nyingi zenye wivu wa mamlaka. Akaunda kamati moja maalumu, akaiweka chini ya Thomas Ashley, mbunge wa Toledo, jimboni Ohio. Mtu anayetoka Ohio hakuhitaji kuelezwa maana ya shule isiyo na gesi. Tarehe 5 Agosti 1977 Baraza lilipitisha muswada mzima kwa kura 244 dhidi ya 177, kazi ya miezi michache tu.

Seneti ikaugawa muswada sehemu tano, na hapo safari ikawa ndefu. Ugomvi haukuwa juu ya shule wala hospitali. Sehemu ya uhifadhi wa nishati haikuwa na maadui wengi, na wajumbe wa mabaraza mawili waliafikiana juu yake mapema. Ugomvi ulikuwa juu ya bei ya gesi: majimbo yanayochimba yalitaka iachwe huru, majimbo yanayonunua yaliogopa. Maseneta Howard Metzenbaum wa Ohio na James Abourezk wa South Dakota walipinga kuachwa huru kwa bei, wakazuia kura kwa siku nyingi kwa mbinu za kanuni za bunge. Na kwa kuwa viongozi wa Baraza walisisitiza sehemu zote tano zipite pamoja, ruzuku za shule zilibaki zimefungwa kwenye kamba moja na gesi. Msimu mzima wa baridi ukapita. Desemba 1977 wachimbaji wa makaa ya mawe waligoma, mgomo ukaendelea hadi Machi 1978, na Ohio na Indiana zikaonja tena uhaba.

Hatima iliamuliwa Oktoba 1978. Tarehe 13, Baraza la Wawakilishi lilipigia kura utaratibu wa kuziweka sehemu hizo tano kwenye kura moja. Matokeo yalikuwa 207 kwa 206. Kura moja tu ndiyo iliyobeba mpango wote. Asubuhi ya tarehe 15, baada ya kikao cha usiku kucha, muswada ulipita kwa kura 231 dhidi ya 168, na Carter akausaini tarehe 9 Novemba. Ruzuku zilikuwa ndani ya Sheria ya Taifa ya Sera ya Kuhifadhi Nishati, katika sura yake ya tatu. Kiasi kilichoidhinishwa kwa shule na hospitali kwa miaka mitatu kilikuwa dola milioni 900. Majengo ya serikali za mitaa na ya vituo vya kutunzia wazee yaliingizwa pia, lakini kwa uchunguzi na ushauri wa kitaalamu tu, bila fedha za vifaa.

Masharti yake yalipangwa kwa akili, na ndiyo sababu nayaeleza kwa kirefu. Fedha ziligawiwa majimbo kwa kuzingatia idadi ya watu, ukali wa hali ya hewa na bei ya nishati. Jengo lilipaswa kuwa limekamilika kabla ya tarehe 20 Aprili 1977, siku Carter alipoupeleka mpango bungeni, ili ruzuku isigeuke fedha za kujengea vipya. Kisha kulikuwa na hatua, na hakuna aliyeruhusiwa kuruka hata moja. Kwanza taarifa za awali: ukubwa wa jengo, mwaka lilipojengwa, nishati inayotumika. Pili, ukaguzi wa mtu anayetembea jengo zima. Tatu, mabadiliko ya uendeshaji yasiyohitaji fedha nyingi, kama kurekebisha saa za boila na kuzima mitambo ya hewa usiku. Nne, uchambuzi wa mhandisi au msanifu ambaye hana maslahi katika kuuza vifaa. Ndipo zikaja fedha za vifaa, na kila kifaa kilipaswa kujilipia kwa akiba yake ndani ya miaka isiyozidi 15.

Serikali ilitoa nusu. Nusu nyingine ilitoka kwa shule au hospitali yenyewe.

Mkaguzi aliyeingia chumba cha boila cha shule ya kawaida ya wakati ule alikuwa na vitu vya kuangalia ambavyo bodi ya shule haikuwahi kuvisikia. Chukua mtego wa mvuke. Mfumo wa mvuke hupeleka joto darasani kwa bomba, mvuke ukapoa ndani ya kipasha joto kilichowekwa ukutani, ukageuka maji, na maji yakarudi chini kuchemshwa upya. Mwishoni mwa kila kipasha joto kuna kifaa kidogo cha chuma ambacho kazi yake ni kupitisha maji na kuuzuia mvuke. Kikichakaa kikabaki wazi, mvuke wenye moto unapita moja kwa moja hadi kwenye bomba la kurudia, haujapasha mtu. Hakuna kinachovuja na hakuna kelele. Shule inaweza kuwa na mitego mingi ya namna hiyo, mibovu miaka nenda miaka rudi, na dalili pekee ni ankara. Darasa la karibu na boila linakuwa tanuri, la mwisho wa bomba linabaki baridi. Fundi anaongeza moto ili la mwisho lipate joto, na mwalimu wa darasa la karibu anafungua dirisha Januari. Mkaguzi aliyeona dirisha wazi kwenye theluji alikuwa ameshapata nusu ya taarifa yake.

Hospitalini mambo yalikuwa mazito zaidi. Hospitali hailali. Inahitaji mvuke wa kufulia mashuka na kuua vijidudu kwenye vyombo vya upasuaji, maji ya moto mchana na usiku, na hewa safi inayoingizwa kutoka nje na kutolewa tena. Kila mita ya ujazo ya hewa inayoingia Februari inapashwa joto, na ile inayotolewa inaondoka na joto lake. Vifaa vya kuirudisha sehemu ya joto hilo kabla hewa haijatupwa nje, na vidhibiti vinavyopunguza hewa kwenye vyumba ambavyo usiku havina mtu, vilikuwa miongoni mwa kazi zilizolipwa kwa ruzuku. Kazi hii ilihitaji tahadhari. Huwezi kumwambia mkuu wa chumba cha upasuaji aokoe hewa. Unaokoa ofisini, kwenye korido na kwenye chumba cha kufulia.

Kanuni za kwanza zilitoka Aprili 1979, na wakati huo mapinduzi ya Iran yalikuwa yameshaanza kupandisha bei kwa mara ya pili. Maombi yalikuja kwa wingi. Lakini ile nusu ya gharama ilichuja watu. Wilaya tajiri ilikuwa na mhasibu, mhandisi na akiba. Iliandika maombi, ikaweka nusu yake, ikapewa. Wilaya ya mashambani yenye shule mbili na kodi finyu, ambayo ndiyo iliyokuwa na boila kongwe kuliko zote, mara nyingi haikuwa na mtu wa kujaza fomu. Bunge liliona hatari hiyo mapema, likatenga sehemu ya fedha za kila jimbo kwa wenye shida kubwa, ambao wangeweza kupewa hadi asilimia 90. Kipengele hicho kilikuwa cha haki. Kilikuwa pia kidogo mno kwa ukubwa wa tatizo, na naamini kwamba kama kingepanuliwa tangu mwanzo, programu nzima ingekuwa na watetezi wengi zaidi siku ilipohitaji kutetewa.

Siku hiyo ilikuja upesi. Ronald Reagan aliingia madarakani Januari 1981 akiamini kwamba bei ikiachwa huru itawafundisha watu kubana matumizi, na kwamba Wizara ya Nishati yenyewe ivunjwe. Bajeti zake zilitaka ruzuku za uhifadhi zifutwe. Bunge lilikataa kuzifuta, likazipunguza. Hoja ya Reagan ilikuwa na ukweli kwa mwenye kiwanda. Kwa shule haikuwa na ukweli huo, kwa sababu bei ilikuwa imeshazifundisha tangu 1973 na bado fedha za kununulia boila hazikuwepo.

Nusura ilitoka mahali ambapo hakuna aliyetarajia. Kati ya 1973 na Januari 1981 serikali ilidhibiti bei ya mafuta ghafi: yaliyotoka visima vya zamani yaliuzwa kwa bei ya chini, yaliyohesabiwa kuwa mapya kwa bei ya juu. Kampuni ya Exxon ilishtakiwa kwamba mafuta ya eneo la Hawkins, mashariki mwa Texas, iliyauza kama mapya ilhali hayakustahili. Mwaka 1983 mahakama mjini Washington iliihukumu irudishe fedha, mahakama ya rufaa ikakubali mwaka 1985, na Januari 1986 Mahakama ya Juu ikakataa kuisikiliza kesi. Pamoja na riba, kiasi kilifika karibu dola bilioni 2.1. Haikuwezekana kumtafuta kila aliyenunua petroli kwa miaka hiyo na kumrudishia senti zake, kwa hiyo fedha ziligawiwa majimbo, na majimbo yakaruhusiwa kuzitumia katika programu tano tu za nishati. Mojawapo ilikuwa hii ya shule na hospitali. Fedha walizotozwa zaidi madereva vituoni zikageuka madirisha ya tabaka mbili madarasani.

Texas ilizitumia kwa namna ya pekee. Mwaka 1988 ilitenga dola milioni 98.6 za fedha hizo, ikaanzisha mfuko ulioitwa LoanSTAR. Badala ya kutoa ruzuku, mfuko ulikopesha ofisi za serikali, vyuo, shule na hospitali za umma; akiba ya ankara ililipa mkopo, na fedha zilizorudi zikakopeshwa wengine. Wahandisi wa Chuo Kikuu cha Texas A&M walifunga mita kwenye majengo hayo ili kuona kama akiba iliyoahidiwa kwenye karatasi ilitokea kweli. Waligundua kwamba mitambo mingi, hata mipya, iliendeshwa vibaya, na kwamba kuirekebisha tu kulileta akiba ya ziada juu ya ile ya vifaa. Utaratibu waliouunda kutokana na mita hizo ukaenea nje ya Texas. Kwangu hilo ni zao kubwa kuliko vifaa vyenyewe, kwa maana kifaa huchakaa.

Mwaka 1990 bunge lilisogeza mbele tarehe ya majengo yanayostahili, lakini kasi ya awali haikurudi. Bei ya mafuta ilikuwa imeanguka mwaka 1986, na pamoja nayo wasiwasi wa wanasiasa. Mwaka 1996 programu ya shule na hospitali iliunganishwa na programu nyingine, ikawa Programu ya Nishati ya Majimbo, na haikuwa tena na fungu la jina lake. Fedha za kufufua uchumi za mwaka 2009 ziliipa programu hiyo ya pamoja dola bilioni 3.1, na baadhi zikafika mashuleni, kila jimbo kwa uamuzi wake.

Fungu la shule peke yake lilirudi tarehe 15 Novemba 2021, Rais Joe Biden aliposaini sheria ya miundombinu iliyotenga dola milioni 500 kwa nishati katika shule za umma. Safari hii kipaumbele kiliwekwa kwa wilaya zenye uhitaji mkubwa, jambo ambalo mwaka 1978 lilikuwa kipengele cha pembeni. Wizara ya Nishati ilitangaza dola milioni 80 za awamu ya kwanza ikapokea maombi yaliyozidi dola bilioni 5, na Juni 2023 ikaongeza hadi dola milioni 178 kwa wilaya 24. Mwaka uliotangulia sheria hiyo, Juni 2020, ofisi ya ukaguzi ya bunge ilikuwa imekadiria kwamba shule 36,000 hivi nchini humo zilihitaji kubadilishiwa au kukarabatiwa mitambo yake ya joto, ubaridi na hewa. Kati ya shule walizozitembelea, wakaguzi waliona baadhi zikiwa bado na boila za miongo mingi, na mafundi wakihangaika kutafuta vipuri ambavyo viwanda vimeshaacha kuvitengeneza.